Mali Bila Daftari

Mtu apendaye klabu ya mpira wa miguu huiita "klabu yetu". Huiita hivyo hata kama hana hisa moja ndani yake, hajalipa ada ya uanachama, wala hajaketi hata siku moja katika mkutano wake wa mwaka. Neno hili "yetu" lina nguvu nyingi moyoni, lakini halina nguvu yoyote mbele ya benki wala mbele ya hakimu. Siku klabu inapofilisika ndipo mpenzi wake anapotambua kuwa kitu alichokiita chake kilikuwa cha mtu mwingine, na kwamba mwingine huyo alikuwa na ruhusa ya kukiweka rehani, kukiuza, au kukiacha kife.

Basi ni haki, msomaji wangu, kuuliza klabu ni mali ya nani. Watu wengi hulijibu swali hili kwa haraka. Wako wasemao kuwa klabu isiyolipa wachezaji wake itafutiwe tajiri mmoja, aitilie fedha na kuiamrisha atakavyo. Wako wengine wasemao kuwa matajiri ndio adui, na kwamba klabu irudishwe mikononi mwa wanachama. Kila upande una hoja zake, lakini kwa maoni yangu pande zote mbili zimelirukia swali la pili kabla ya kulijibu la kwanza. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema mali ya tajiri, wala mali ya shirika, wala mali ya umma. Walisema mali. Tuchukue klabu tatu za Ulaya, kila moja ikiwa na namna yake ya kumilikiwa, tuone kama msemo huo unasimama.

Klabu ya kwanza ni Bury, ya mji mdogo ulio karibu na Manchester katika Uingereza. Ilianzishwa mwaka 1885. Ilishinda Kombe la FA mwaka 1900, na tena mwaka 1903, ilipoifunga Derby County mabao 6 kwa 0 katika fainali. Kwa muda wa miaka 125 ilihesabiwa miongoni mwa klabu za ligi. Katika siku zake za mwisho ilikuwa mali ya mtu mmoja. Wachezaji walipewa mishahara ambayo mapato ya mlangoni hayakuweza kuibeba, na uwanja wa Gigg Lane, uliokuwa makao ya klabu tangu kuzaliwa kwake, uliwekwa rehani. Mnamo Desemba 2018 klabu iliuzwa kwa mmiliki mwingine, Steve Dale, kwa bei ya pauni 1. Iangalie vizuri bei hiyo, msomaji. Kitu kinachouzwa kwa pauni 1 si lazima kiwe rahisi, kwa kuwa anunuaye huchukua na madeni yake.

Ajabu ni kwamba katika msimu ule ule timu ilicheza vizuri, ikapanda daraja mwaka 2019, ilhali mishahara ya wachezaji ilikuwa ikichelewa. Msimamo wa ligi ulionyesha ushindi wakati daftari lilipoonyesha kifo. Mwezi wa Agosti wakuu wa ligi walitaka uthibitisho kwamba klabu ilikuwa na fedha za kutosha, na uthibitisho haukupatikana. Katika siku hizo za mwisho wapenzi wa Bury walikwenda uwanjani kwa hiari yao, wakafagia na kusafisha viti kwa ajili ya mchezo waliotumaini kwamba ungechezwa. Tarehe 27 Agosti 2019 klabu yao ilifukuzwa katika ligi. Watu wale walikuwa na mapenzi, walikuwa na mikono, na walikuwa na mifagio. Walichokosa ni haki ya kulifungua daftari wakati ambapo kulifungua kungalifaa kitu.

Yamkini msomaji atasema kuwa kosa la Bury lilikuwa kumtegemea mtu mmoja, na kwamba wenye mali wangekuwa wengi wangekuwa na macho mengi. Klabu ya pili, Leeds United, inatoa jibu. Hii ilikuwa kampuni ambayo hisa zake ziliuzwa katika soko la hisa la London, na hesabu zake zilitolewa hadharani kama sheria ilivyotaka. Mwaka 2001 ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Katika mwaka huo huo ilikopa pauni milioni 60, na dhamana yake ikawa mapato ya viingilio ya miaka 25 iliyokuwa mbele. Wakuu wake walitumaini kwamba timu ingerudi tena na tena katika mashindano yale, na kwamba fedha za huko zingelipa deni. Haikurudi. Wachezaji wake bora waliuzwa mmoja baada ya mwingine, akiwamo Rio Ferdinand mwaka 2002. Mwaka 2004 timu ilishuka daraja, na uwanja wa Elland Road ukauzwa. Mwaka 2007 klabu iliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, ikashuka mpaka daraja la tatu. Ilirudi katika ligi kuu mwaka 2020. Mtoto aliyezaliwa usiku wa nusu fainali ile alikuwa na umri wa miaka 19 alipoiona tena timu yake mahali ilipokuwa.

Hapa daftari lilikuwapo, tena lilikuwa wazi. Lakini daftari halisemi kwa wasioliuliza. Maadamu timu ilishinda, hakuna aliyetaka kuonekana mwoga kwa kuuliza fedha za kesho zitatoka wapi iwapo leo zimekwisha kuliwa.

Labda basi dawa ni wanachama? Klabu ya tatu ni Barcelona ya Hispania, iliyo mali ya wanachama wake, maelfu kwa maelfu ya watu, na wao ndio wamchaguao rais kwa kura. Hapana tajiri awezaye kuinunua. Mwaka 2017 ilimwachia Neymar aende Paris Saint-Germain kwa yuro milioni 222, kisha ikazimwaga fedha nyingi kuwanunua Ousmane Dembélé na Philippe Coutinho, huku mishahara ikizidi kupanda. Uchaguzi una maradhi yake: jina kubwa la mchezaji hupigiwa makofi, na hesabu iliyo safi haipigiwi. Maradhi ya korona yalipofunga viwanja mwaka 2020, mapato yalikatika na udhaifu uliofichika ukaonekana. Wanachama zaidi ya 20,000 walitia sahihi kutaka rais Josep Maria Bartomeu apigiwe kura ya kutokuwa na imani naye, naye akajiuzulu mwezi wa Oktoba mwaka huo. Hiyo ni nguvu ambayo watu wa Bury hawakuwa nayo, nasi tuisifu. Walakini ilikuja baada ya fedha kwisha. Mnamo Agosti 2021 rais mpya, Joan Laporta, alitangaza kwamba klabu ilikuwa na deni la yuro bilioni 1.35, na kwamba mishahara ilikuwa imeyapita mapato yote. Katika mwezi huo huo Lionel Messi, aliyeingia Barcelona akiwa mtoto wa miaka 13, aliondoka. Mwaka uliofuata klabu iliuza robo ya haki zake za televisheni katika ligi ya Hispania, kwa muda wa miaka 25.

Sasa linganisha, msomaji. Leeds ya wenye hisa ilikopa juu ya viingilio vya miaka 25. Barcelona ya wanachama iliuza sehemu ya mapato ya miaka 25. Bury ya mtu mmoja iliweka rehani kiwanja ilichozaliwa nacho. Wenye mali ni mbalimbali, na tendo ni moja: kuila kesho kabla haijafika. Kukopa arusi, kulipa matanga. Na katika arusi hizi wanaocheza ngoma si wanaolia matangani. Mkuu aliyekopa hujiuzulu na kwenda zake. Deni hubaki kwa mpenzi wa klabu, kwa mchezaji asiyelipwa, na kwa mfua nguo wa timu ambaye jina lake halikuandikwa gazetini hata siku moja.

Nasikia pingamizi, nayo ni ya haki. Husemwa kuwa mpira si duka la sukari. Klabu isiyothubutu haishindi, na klabu isiyoshinda hukosa watazamaji, na klabu isiyo na watazamaji hufa vilevile. Ni kweli. Sikatai kuthubutu, na mkopo wa kujenga jukwaa litakaloleta watazamaji kwa miaka mingi ni mkopo wenye akili. Lakini kuthubutu ni kuhatarisha kilicho chako ukijua kiasi chake. Anayehatarisha cha wengine bila kuwaambia hathubutu, anacheza kamari.

Ujerumani ilitafuta njia ya katikati. Kwa kanuni ya mwaka 1998, wanachama wa klabu hubaki na zaidi ya nusu ya kura hata kampuni ikiingiza fedha zake, ingawa klabu chache ziliachiwa. Tena, kabla ya kila msimu klabu hutakiwa kuonyesha hesabu na kuthibitisha kwamba itaumaliza msimu huo. Isiyoweza hunyimwa leseni. Hata hivyo Borussia Dortmund, bingwa wa Ulaya wa mwaka 1997, iliingia katika soko la hisa mwaka 2000, ikatumia kupita kiasi, na mwaka 2005 iliponea chupuchupu kwa huruma ya wadai wake. Baada ya hapo iliwategemea vijana wa bei ndogo, ikawa bingwa wa Ujerumani mwaka 2011 na 2012. Kanuni njema ni ua wa boma: humzuia fisi, lakini haimwamshi mchungaji aliyelala. Uingereza nayo ilijifunza kwa gharama. Mwaka 2025 Bunge lake lilipitisha sheria ya kuweka msimamizi huru wa mambo ya fedha na umiliki wa klabu za mpira.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya peke yake. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu mbili zilizogawa mapenzi ya Wakenya kwa zaidi ya nusu karne, ni klabu za wanachama. Gor Mahia ilileta nyumbani Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987. Lakini mfadhili wao mkubwa, kampuni ya kamari ya SportPesa, alipoondoka mwaka 2019, klabu zote mbili ziliingia katika dhiki ya mishahara. Klabu imtegemeayo mfadhili mmoja haina tofauti kubwa na klabu ya tajiri mmoja: wote wawili waweza kuamka asubuhi na kufunga mfuko. Na wanachama ambao hawahudhurii mkutano mkuu, wala hawadai taarifa ya mtunza hazina, ni wenye mali kwa jina tu.

Hukumu yangu basi ni hii. Naichagua klabu ya wanachama kuliko ya tajiri, kwa kuwa wanachama waweza kumwondoa kiongozi mbaya, na mpenzi wa klabu hawezi kumwondoa mwenye mali. Lakini naichagua kwa sharti moja. Hesabu iandikwe, ikaguliwe na mtu asiye rafiki wa waliotumia, isomwe mbele ya wote kila mwaka, na awepo mtu aliye na haki ya kusema hapana kabla fedha hazijatoka. Sharti hili likikosekana, hakuna namna ya umiliki itakayoiokoa klabu.

Nawe, msomaji, usingoje mpaka uwe mkubwa. Huenda shuleni mwako ipo timu, na timu hiyo ina mfuko wa mipira na jezi. Uliza kwa adabu mfuko huo una kiasi gani, nani aliuhesabu mara ya mwisho, na wapi pameandikwa. Ukijibiwa kwa karatasi, shukuru. Ukijibiwa kwa hasira, uliza tena kwa adabu ile ile, na wenzako waulize pamoja nawe. Mtu mwenye mazoea hayo atakapoingia katika klabu kubwa na kuiita "yetu", neno lake litakuwa na maana.