Mlango Unaotaka Kinyume

Toyota HiAce ya umbo la kawaida, kizazi kilichotoka mwaka 2004, ina urefu wa milimita 4,695, upana wa 1,695 na kimo cha 1,980. Tarakimu hizo hazikuja kwa bahati. Japani ina daraja la magari madogo lenye gharama nafuu kwa mwenye gari, na mpaka wake ni milimita 4,700 kwa urefu, 1,700 kwa upana, 2,000 kwa kimo. Mbunifu alijibana hadi zikabaki milimita tano tu kwa urefu na tano kwa upana. Mshairi wa arudhi ataielewa kazi hiyo: kipimo kimewekwa na mwingine, na ubunifu wote unatafutwa ndani yake. Ukiitazama matatu ya Kisumu inayotoka Manyatta kuelekea Kondele kwa jicho hilo, mengi uliyoyadhani ni vurugu za barabarani yanageuka kuwa maswali ya fani.

Anza na injini. Ili sanduku lote libaki kwa mzigo, iliwekwa chini ya viti vya mbele. Fundi akitaka kuikagua, abiria wa mbele hushuka kwanza, kiti kikafyatuliwa na kulazwa nyuma. Wako watu wanaopanda mbele kila asubuhi kwenda mjini bila kujua kwamba wamekalia kifuniko. Wanachokijua ni lile joto la mapajani gari likikwama kwenye msongamano wa Kondele saa saba mchana.

Yapo madogo mengine. Miguuni pa abiria wa mbele mara nyingi utakuta kishikizo cha plastiki kisichoshika kitu: magari ya Japani hutakiwa kubeba fataki ya kuonya wengine wakati wa dharura, na hapo ndipo mahali pake. Huku kishikizo kimebaki, fataki haipo. Juu ya mlango wa nyuma huwa kuna kioo kidogo kinachotazama chini, dereva aone bampa yake anaporudi nyuma. Manyatta kazi hiyo hufanywa na makanga anayegonga bati, na kioo kikivunjika hakuna anayekiulizia.

Kutani, nyuma ya ubao, magari mengi yaliyoanza maisha kama ya mizigo yana matundu yenye hesi, tayari kupokea skrubu. Kwa matundu hayo, Wajapani wanaogeuza HiAce kuwa nyumba ya kusafiria hufunga rafu, kitanda na pazia bila kutoboa bati hata mara moja. Huko ndiko gari hili linakopendwa zaidi kwa kazi hiyo. Na hapa kwetu tunalo binamu yake, lile gari la watalii lenye paa la kuinuka, ambalo vibano vyake hufunguliwa na aliye ndani. Yashike hayo mawili, kwa sababu yana jambo moja la msingi: anayelala au anayetazama simba ndiye mwenye kitasa. Gari limefungwa ili kumlinda yeye, na hufunguka kwa mkono wake.

Sasa mlango wa ubavuni, maana matatu yote imo humo.

Uko kushoto, kwa sababu Japani na Kenya zote huendesha kushoto. Gari hilo hilo lingepelekwa Bujumbura, ambako huendeshwa kulia, abiria wangeshukia katikati ya barabara. Kwetu lilishuka Mombasa likiwa limeshaelekezwa kwenye ukingo wa barabara, na bahati hiyo ya mpangilio imechangia pakubwa kulifanya litawale steji zetu. Mlango unashikwa na reli tatu: ya juu, ya katikati nje ya bati, na ya chini iliyofichwa kwenye kidato cha kupandia. Ukivutwa, kwanza unatoka nje kidogo, kisha unarudi nyuma sambamba na gari. Mwisho wa safari unanaswa na ndoano, nao hauji mbele tena mpaka mkono wa mlango uvutwe.

Hapo pana mgongano ambao sijaona ukitajwa. Mlango huu hufunguka kwa kurudi nyuma na hufungwa kwa kwenda mbele. Dereva akishika breki, kila kilicho huru ndani ya gari kinaendelea mbele, na mlango nao hivyo hivyo: wakati huo unataka kujifunga. Dereva akiondoka kwa kasi, mlango unabaki nyuma: wakati huo unataka kufunguka. Lakini kazi ya matatu ni kufungua gari linaposimama na kufunga linapoondoka. Kila steji, mwanzo na mwisho, chuma kinataka kinyume cha kile ambacho kazi inataka. Fundi bomba wa Osaka anayeegesha gari, akazima injini, akashuka na kuzunguka kuchukua vyombo vyake hatakutana na mgongano huo maisha yake yote. Makanga wa Manyatta hukutana nao kila baada ya mita mia chache.

Na ameupatia jibu. Huufungua mlango kabla breki haijakaza, ukanaswe na ndoano mapema. Huufunga baada ya gia kutulia, gari likiwa limeshakwenda. Matokeo ni mlango ulio wazi gari likitembea, mara mbili kwa kila kituo, na kijana mwenye mguu mmoja kwenye kidato. Tumezoea kuiita tabia hiyo ukaidi, na wapo wakaidi kweli, na sheria inayomkataza kuning'inia ni sheria nzuri. Lakini nusu ya mchezo ule imeandikwa ndani ya reli. Anayetaka kumrekebisha makanga bila kuusoma mlango anasoma ubeti nusu.

Reli ya chini ndiyo inayoumia kuliko zote. Iko pale pale viatu vinapokanyaga, na Kisumu ina ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hung'ang'ania soli, na jua likiwaka hugeuka vumbi. Udongo huo ukichanganyika na grisi, unakuwa kitu cha kusagia chuma. Beringi zinalika, mlango unalegea, na makanga anaanza kuuinua kidogo kwa bega kabla ya kuusukuma. Ule mshindo mkubwa wa kuufunga, unaowaudhi abiria, mara nyingi ni dalili ya reli iliyochakaa: bila nguvu hiyo kitasa hakinasi. Ndoano ya mwisho nayo ikilika, breki moja kali inaufyatua mlango ukaja mbele wenyewe, na vidole vya mama anayejishikilia kwenye nguzo vipo njiani. Gari likiegeshwa pua ikitazama bondeni, kama kwenye mteremko wa Riat, huja mbele hata bila breki.

Kuhusu kitasa chenyewe nina uchungu zaidi. Ukingoni mwa mlango, mahali panapoonekana tu mlango ukiwa wazi, kuna kilimi kidogo cha kuzuia watoto. Kikisukumwa, mkono wa ndani unakufa: unauvuta, unakubali, na hakuna kinachotokea. Kwa familia yenye mtoto wa miaka mitatu ni ubunifu wa upendo. Katika matatu ya abiria 14 maana inapinduka, kwa sababu sasa watu wazima 14 wamewekwa katika hali ya mtoto, na mwenye ruhusa ya kutoka ni yule aliye nje. Na mara nyingi si kilimi hata kidogo. Mkono wa ndani umekatika, au waya wake umetoka, na hakuna aliyeona haja ya kuurudisha kwa kuwa makanga yupo. Abiria akitaka kushuka gari likiwa limesimama bila makanga, husogeza kioo, hutoa mkono hadi kiwiko, akaupapasa mkono wa nje na kujifungulia kama mwizi. Tumeona hivyo mara nyingi mno hata tumeacha kushangaa.

Kanuni za aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliisoma matatu kwa makini kuliko kanuni zozote kabla yake. Abiria walipunguzwa kutoka 18 hadi 14, kila kiti kikapata mkanda, kidhibiti mwendo kikawekwa kwenye kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ukachorwa ubavuni. Ni kazi ninayoiheshimu. Hata hivyo macho yalikuwa kwenye mwendo, na gari lililosimama halikupata msomaji wa makini kama huyo. Mkanda humfunga mtu kwenye kiti. Ni nani anayemfungulia mlango gari likiwa limelala ubavu, au limeanza kufuka moshi chini ya viti vya mbele, makanga akiwa amerushwa nje? Ubao wa sambaza nao, ule unaolazwa kati ya viti siku ya soko la Kibuye, huziba njia ile ile ambayo aliye nyuma angeipita.

Kwa hiyo hukumu yangu kuhusu fani hii ina sehemu mbili zisizo sawa. Umbo la HiAce ni kazi ya kiwango cha juu, na mafundi wetu wa jua kali, wanaochomelea ndoano mpya na kuchonga beringi mbadala, wanastahili heshima ya waandishi wenza. Lakini kitasa kimetafsiriwa vibaya. Gari lile lile ambalo kwingine humpa aliye ndani mamlaka ya kutoka, hapa limemnyang'anya, na hakuna ulazima wowote wa kiufundi uliosababisha hivyo. Waya na mkono wa plastiki ni vitu vya bei ndogo. Ukaguzi wa magari ya abiria ungeweza kuongeza jaribio moja: viti vyote vijae, makanga asimame mbali, na abiria wa kiti cha nyuma kabisa aambiwe atoke bila msaada wa mtu wa nje.

Kabla ya jaribio hilo kuja, kilimi kinaonekana kwa yeyote anayepanda. Kiko ukingoni mwa mlango ulio wazi, kidogo kama ukucha. Anayepandia steji ya Gonda, Manyatta, anaweza kukitazama mguu ukiwa bado kwenye kidato, na kikiwa kimesukumwa, amwambie makanga akirudishe kabla ya kugonga bati.