Visanduku Tisa na Swali la Kumi

Siku hizi wanafunzi wetu hufundishwa kuchambua huduma za habari kwa mchoro wa biashara wenye visanduku tisa, ulioenezwa na kitabu cha Alexander Osterwalder na Yves Pigneur cha mwaka 2010. Humo huandikwa wateja, faida wanayopewa, njia za kuwafikia, uhusiano nao, mapato, rasilimali, kazi, washirika na gharama. Je, kada autupe kwa kuwa umetoka kwa mabepari? La. Jembe halikataliwi kwa sababu ya duka lilikonunuliwa. Lakini ni lazima tujue linalima wapi na linaacha wapi.

Tuchukue redio ya biashara, iliyofunguliwa njia na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993. Mkulima wa mpunga hapa Ubaruku huisikiliza bila kuilipa. Ukimwandika kuwa ndiye mteja pekee umekosea. Anayelipa ni mwenye bidhaa, na kinachouzwa ni masikio ya mkulima. Mchoro ukijazwa kwa uaminifu hulifichua jambo hilo. Hiyo ni sifa yake.

Sasa tuupime kwa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio, vitabu na vikundi vya kusoma viliwafikia watu wazima wapatao milioni 2. Kisanduku cha mapato ni kitupu, na mfanyabiashara atasema huduma imeshindwa. Huo ni upofu, maana faida ilikuwa vyoo vilivyochimbwa vijijini. Hata hivyo nasi tujikosoe: kisanduku cha gharama hakikuwa kitupu, na Uswidi ilisaidia kukilipia. Huduma ya umma isiyojua nani atailipia kesho huishi kwa hisani, na hisani ina mwenyewe.

Kasoro kubwa ya mchoro ni kwamba haumwulizi mwenye mali. Gazeti la Standard lilipotaifishwa Februari 1970, mitambo na wasomaji walibaki wale wale. Kilichobadilika ni mmiliki, na pamoja naye mwelekeo. Visanduku tisa visingeonyesha badiliko hilo.

Kwa hiyo, Ndugu makada, chukueni redio inayosikilizwa katika matawi yenu, mjaze visanduku vyote tisa bila uvivu. Kisha muulize swali la kumi: nani anamiliki, na nani anaamua mkulima asikie nini?