Sauti, Ukimya na Jina katika Uigizaji wa Lupita Nyong'o

Katika ufuo wa Gwassi, eneo ambamo Kisegi imo, husimuliwa kisa cha Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi maskini aliyevuta wavu wake akakuta mwanamke badala ya samaki. Kwa ajili ya mwanamke huyo boma la mvuvi lilijaa mifugo. Siku Nyamgondho alipolewa na kumtukana, mwanamke aliinuka akarejea ziwani, na mifugo yote ikamfuata. Jina linalokumbukwa ni la mvuvi. Mwanamke aliyeleta neema yote hiyo hukumbukwa kwa mambo mawili tu: alitoka majini, na aliondoka.

Makala haya yanaanzia kwenye kisa hicho kwa sababu swali lake ndilo litakalotuongoza katika kuitazama kazi ya Lupita Nyong'o: je, mhusika wa kike aliyenyimwa jina au sauti anaweza kumilikije kisa chake mwenyewe? Aghalabu yale yaliyoandikwa nchini Kenya kumhusu mwigizaji huyu yamejikita katika tuzo ya Oscar ya mwaka 2014, urembo wake na fahari ya taifa. Hayo ni ya habari. Mhakiki hana budi kuuliza mwigizaji amefanya nini kwa mwili na koo lake ndani ya maneno aliyoandikiwa na mtu mwingine.

Nyong'o alizaliwa Mexico mwaka 1983 na kulelewa Kenya. Akiwa na umri wa miaka 14 aliigiza Juliet katika Romeo and Juliet ya kundi la Phoenix Players jijini Nairobi. Baadaye alihitimu katika shule ya tamthilia ya Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2012. Yafaa tusisitize kwamba jukwaa lilitangulia, kwa kuwa mazoea ya jukwaani ndiyo yanayoeleza nguvu yake mbele ya kamera.

Chukua nafasi ya Patsey katika 12 Years a Slave (2013), filamu ya Steve McQueen iliyotokana na kitabu cha Solomon Northup cha mwaka 1853. Patsey huchuma zaidi ya ratili 500 za pamba kwa siku, na kwa muda mrefu filamu humwonyesha akitenda kuliko kunena. Anapopata nafasi ya kusema kwa kirefu, anasema juu ya kipande cha sabuni: amekwenda kukitafuta ili aoge. Nyong'o haigizi tukio hilo kama maombi ya huruma. Analiigiza kama hoja ya mtu anayejua thamani ya kazi yake na anayedai haki ndogo kabisa inayotokana nayo. Mjeledi unaofuata unakuwa jibu kwa hoja hiyo, na hadhira inalazimika kuupokea hivyo.

Suala la jina linajitokeza waziwazi zaidi katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu vita vya Liberia, iliyofika Broadway mwaka 2016. Wake wa kamanda wa waasi huitana kwa nambari za vyeo vyao, na mhusika wa Nyong'o hutambulishwa kama Msichana tu. Anajua kusoma, na baadaye anajifunza kubeba bunduki. Kati ya kitabu na bunduki ndipo mwandishi anapomwacha. Kwa mhusika asiye na jina, mwigizaji hawezi kutegemea historia aliyopewa, hivyo basi humjenga kwa mwendo, mabega na namna ya kutazama.

Katika Us (2019) ya Jordan Peele, tatizo la sauti linakuwa kiini cha dhamira. Nyong'o anaigiza wanawake wawili wanaofanana, Adelaide na Red. Mmoja huongea kwa ufasaha, mwingine kwa sauti iliyokwaruzika. Mwishoni tunagundua kwamba mwenye ufasaha ndiye aliyempokonya mwenzake maisha na koo. Ni kweli kwamba baadhi ya watetezi wa watu wenye ulemavu walilalamika kuwa sauti ya Red iliufanya ugonjwa halisi uwe kitisho, na lalamiko hilo lina uzito. Hata hivyo, muundo wa filamu unamgeuzia mtazamaji shutuma: tulimwogopa aliyedhulumiwa kwa sababu hakusema kama sisi. Katika A Quiet Place: Day One (2024), mshairi Samira, anayekufa kwa saratani, anaishi katika mji ambamo kelele ni mauti, na mwisho wake anauchagua mwenyewe kwa kuufungulia muziki hadharani.

Huenda mtu akapinga kwamba uteuzi huu unapendelea. Katika Black Panther (2018) Nakia ana jina, sauti na cheo, lakini anabaki pembezoni mwa kisa cha mfalme. Pingamizi hili linaisaidia hoja yetu. Kupewa maneno mengi hakumhakikishii mhusika umiliki wa kisa.

Ndiyo maana Twelfth Night ya mwaka 2025, katika ukumbi wa Delacorte jijini New York, inastahili uzito wa pekee. Mwongozaji Saheem Ali, aliyezaliwa Kenya, alimpa Nyong'o nafasi ya Viola, na ndugu yake, Junior Nyong'o, nafasi ya Sebastian. Viola naye hutoka majini, baada ya jahazi kuvunjika. Katika matini ya Shakespeare jina lake halitamkwi hadi onyesho la mwisho, anapokutana na nduguye. Katika utendaji huu, pacha hao walitumia Kiswahili. Tangu tafsiri za Nyerere na S. S. Mushi katika miaka ya 1960, tumezoea kuuliza kama Kiswahili kinaweza kumbeba Shakespeare. Hapa swali limegeuzwa: Kiswahili kimekuwa lugha ambayo kwayo aliyepotea hutambuliwa na wa kwao.

Kwa msomaji wa Kisegi jambo hili haliwezi kuwa pambo. Wasuba wa Gwassi waliiona lugha ya mababu zao ikiipisha Dholuo ndani ya vizazi vichache. Wanajua kwamba mtu anaweza kubaki hai huku lugha aliyoitiwa jina ikinyamaza. Kiswahili cha Delacorte nacho si lugha ya mababu wa Nyong'o, ambaye ni Mjaluo. Ni lugha ya waliokulia nchi moja, na kwa ndugu wawili ugenini ilitosha. Mwanamke wa Nyamgondho alirudi majini kwa sababu nyumba nzima haikuwa na mtu wa kumwita ipasavyo. Viola alibaki nchi kavu kwa kuwa alikuwepo mmoja.