Sauti ya Dhiki na Mizani ya Uanaume

Mwezi wa Machi 1972 kijana mmoja wa Mombasa alitoka gerezani baada ya kutumikia miaka 3 kwa kosa la kuandika. Waraka wake wa mwaka 1968, Kenya: Twendapi?, uliiuliza serikali ya chama cha KANU swali ambalo watu wengi walikuwa wakinong'onezana barazani. Abdilatif Abdalla, aliyekuwa upande wa chama cha upinzani cha KPU, alikamatwa akiwa na umri wa miaka 22 na kuhukumiwa kifungo cha miezi 18. Serikali haikuridhika, ikakata rufaa, na kifungo kikawa miaka 3. Mashairi aliyoyatunga akiwa ndani, na kuyaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtungaji.

Kisa hiki kimesimuliwa sana, na aghalabu msimulizi humalizia kwa kusema kuwa huyo ndiye mwanamume. Sifa ni ya haki, lakini neno lenyewe halijachunguzwa. Katika kinywa cha Mswahili, uanaume ni neno lenye vyumba vingi. Kuna uanaume wa kifua na mkuki, kuna wa kulisha nyumba, kuna wa kutunza ahadi, na kuna ule wa kupiga na kuamrisha. Anayesema Abdilatif alikuwa mwanamume hana budi aseme ni wa chumba kipi.

Pwani imekuwa na kipimo chake tangu kale, nacho ni Fumo Liyongo. Katika utendi wake, ambao Muhamadi Kijuma wa Lamu aliuhifadhi kwa hati ya mkono mwaka 1913, shujaa ni mtu wa kimo cha kutisha na nguvu zisizo mfano, ambaye silaha haimpati ila sindano ya shaba kitovuni. Hata akiisha kuchomwa, anakufa amepiga goti na upinde mkononi, na watu wa mji wanaogopa kwenda kisimani kuteka maji. Ndiyo sura inayokumbukwa: mwili ambao hata maiti yake yaogopesha.

Msomaji akirudi katika utendi huo kwa makini, ataona jambo jingine. Liyongo alipofungwa, nguvu zile hazikumfaa kitu. Aliyemtoa ni mama yake, aliyeoka mkate na kuficha tupa ndani yake. Aliyebeba ujumbe na kurudi na mkate ni kijakazi. Kilichofunika mlio wa tupa ikikata minyororo ni ngoma ya gungu na sauti za waimbaji. Basi ukombozi wa shujaa mkubwa kuliko wote wa pwani ulipitia jikoni, ukapitia kwa mtumwa, ukakamilishwa na wimbo. Masimulizi yalichukua mkuki yakausahau mkate.

Sauti ya Dhiki inaanzia pale ambapo Liyongo alikwama, yaani kifungoni, lakini bila tupa. Anayetafuta humo majigambo ya kivita hatayapata. Atazame vichwa vya mashairi tu. Siwati: ni kitenzi cha kukanusha, maana yake kwa Kimvita ni kuwa sitaacha. N'shishiyelo ni lilo: ninaloshikilia ndilo hilo hilo. Kuno Kunena: kusema huku ndiko kuliponifikisha hapa. Hakuna hata kimoja kinachoahidi kumvunja mtu mbavu. Vitenzi vya mshairi ni vya kushika, kukataa na kunena. Ushujaa umehama kutoka mkononi ukaingia katika ulimi, na kutoka katika kushinda ukaingia katika kutobadilika.

Zaidi ya hapo, sifa ambazo mila humpa mwanamume hodari, mshairi amempa dhalimu. Katika shairi la Mamba, mnyama anayejigamba mtoni kwa nguvu zake, na kudhani mauti hayatamfika, ana kila kitu ambacho vijana hufundishwa kukitamani: ngozi ngumu, meno, na hofu ya majirani. Wasomaji wengi wamemwona humo mtawala, na hawakukosea. Lakini shairi hilo lasema pia juu ya kipimo chenyewe. Likiwa hilo ndilo dume, basi udume ni jambo la kungoja life, si la kuiga. Katika Mnazi: Vuta N'kuvute, nako, ndugu wawili wanagombea mti mmoja, na swali si nani mwenye misuli ya kuukwea, bali nani mwenye haki ya kuula.

Hata umbo la tungo lina sehemu katika hoja. Mtu aliyenyimwa kalamu na karatasi anahitaji maneno yanayokaa kichwani, na shairi la vina na mizani ndilo linalokaa. Watu waliomlaumu mshairi kwa kushikamana na kanuni za wazee, wakati ambapo wengine walikuwa wakizivunja, hawakuhesabu jambo hili. Mfungwa anayehesabu mizani kumi na sita katika kila mshororo amejiwekea amri ambayo askari jela hawezi kuitoa wala kuiondoa. Huo nao ni ungwana wa aina yake: kujitawala pale ambapo kila kitu kingine kimetawaliwa na mwingine.

Mpaka hapa sifa zimeshinda. Lakini uhakiki unaoishia hapo ni nusu, kwa sababu dhuluma ina mlango wa mbele na mlango wa uani. Washairi wa pwani wamekuwa hodari kuugonga ule wa mbele. Mfano mkubwa ni Siyu. Bwana Mataka aliyapinga majeshi ya Sayyid Said yaliyotoka Unguja, akakataa kuinama. Mjane wake, Mwana Kupona, ndiye aliyemtungia binti yake utendi wa mwaka 1858, akimfundisha namna ya kumtumikia na kumridhi mume. Mama yule alikuwa mgonjwa, na alimwachia mwanawe silaha aliyoamini kuwa itamlinda. Hakuna wa kumlaumu. Ila yafaa kuona jinsi nyumba moja ilivyoweza kubeba mafunzo mawili: ukaidi mbele ya Sultani kwa mwanamume, na utii mbele ya mwanamume kwa mwanamke.

Je, Sauti ya Dhiki imeufungua mlango wa uani? Shairi la Usiniuwe ndilo linalokaribia zaidi. Anayesema humo ni mtoto aliye tumboni, akimsihi mama yake asimtoe. Ni shairi la huruma, na mantiki yake yaungana na diwani nzima, kwani asiye na nguvu amepewa sauti. Hata hivyo, anayesihiwa ni mama. Msomaji wa leo, hasa msomaji wa kike, ana haki ya kuuliza ni wapi mwanamume naye ataitwa kizimbani ajibu. Mshairi aliyeisimamisha serikali ajibu hoja angeweza kumsimamisha na baba. Hilo ni pengo, na kulitaja si kumvunjia heshima mtu ambaye diwani yake yote yahimiza kunena kweli bila kuangalia uso.

Pengo hilo si la kitabuni pekee. Swali la waraka wa 1968, Kenya yaenda wapi, lilijibiwa vibaya sana miaka 40 baadaye. Mwezi wa Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, wanaume walikamatwa huko Naivasha wakatahiriwa kwa nguvu, na wanawake wakabakwa sehemu nyingi za nchi; tume ya Jaji Philip Waki iliyaandika hayo. Huo ndio mwisho wa safari ya uanaume unaopimwa kwa nyama. Anayeamini kuwa ume ni kisu na mwili hatakosa sababu ya kumvua mwenziwe utu, na mwanamke ndiye atakayelipa kwanza.

Hapo ndipo thamani ya diwani hii inapoonekana upya. Haikutoa fasili kamili ya mwanamume mpya, wala haikudai kufanya hivyo. Ilichofanya ni kuondoa mkuki katika fasili ya zamani na kuonyesha kuwa kinachobaki hakipungui: mtu aliyefungiwa peke yake, hana silaha, hana jamaa karibu, na bado hawezi kulazimishwa kusema uongo. Sifa hiyo haina jinsia. Mama wa Liyongo alikuwa nayo alipokanda unga, na kijakazi alikuwa nayo alipopita mbele ya walinzi na kikapu chake.

Anayeifundisha Sauti ya Dhiki kwa vijana wa kiume asiwaachie, basi, kisa cha jela peke yake, kwani kisa hicho kikisimama bila ya mashairi huzaa Liyongo mwingine wa kusifiwa. Awasomeshe vitenzi vyake. Kisha awaulize kila mmoja, akirudi nyumbani jioni, ni neno gani la kweli ambalo mkewe, dada yake au mtumishi wake anaogopa kumwambia. Ikiwa lipo, basi nyumbani mwake kuna mfungwa, na yeye mwenyewe ndiye askari jela.