Shibiri Moja Kutoka Mdomoni

Kabla ya kurekodi chochote, fundi wa sauti alimwomba mama mwimbaji atamke neno moja mara mbili. "Mama, naomba useme paa. Kwanza paa la nyumba." Akasema. "Sasa paa wa porini." Mama akacheka, akasema, na safari hii mstari wa kijani kwenye kompyuta ukaruka hadi kwenye nyekundu.

Kwa sikio la mtu wa bara maneno hayo hayana tofauti. Mtu wa pwani akimtaja mnyama huitoa p kwa pumzi. Weka kiganja mbele ya midomo utaihisi. Maiki nayo huihisi, maana pumzi ile huupiga utando wake kama kusi inavyopiga tanga. B yetu haina ukali huo, kwa kuwa Mswahili akisema "baba" hewa huvutwa ndani kidogo. Basi fundi huyu haihangaikii b, anaisaka p. Aliisogeza maiki pembeni kidogo, ikawa inatazama pembe ya mdomo, na yule paa wa porini akatulia.

Chumba chenyewe ni cha kulala, Bagamoyo, juu mabati, dirishani pazia zito, ukutani godoro limesimamishwa. Vijana wengi wakitaka kufungua studio ya nyumbani huuliza kwanza maiki ipi ni kali. Fundi yeye huuliza nani anaimba na anaimbia wapi, kisha hukaa kimya asikilize, hata dakika kumi. Nimewaona mafundi wengi, lakini sijaona anayesikiliza chumba kitupu kwa adabu namna ile.

Hesabu yake ni nyepesi, na ni vizuri kuijua kabla ya kutoa fedha mfukoni. Shure SM58, ile maiki ya kichwa cha wavu iliyotoka 1966 na ambayo utaikuta kwenye kumbi na nyumba za ibada, ikipigwa na sauti ya desibeli 94 hutoa umeme wa karibu milivolti 2. Ili ufike volti 1, lazima ukuzwe mara 500. Kazi hiyo ndiyo ya priampu, ile sehemu ya saundikadi yenye kitufe cha geini. Priampu dhaifu ikizungushwa hadi mwisho hukuza sauti na kuongeza mvumo wake yenyewe, shhh ya chini chini isiyokatika. Maiki ya kondensa kama Audio-Technica AT2020, inayolishwa volti 48 kupitia waya uleule wa sauti, hutoa milivolti 14 hivi kwa sauti hiyohiyo. Priampu haihitaji kujikaza.

Hapo ndipo koo linapoamua. Mji huu ndiko alikoishi na kufia Hukwe Zawose mwaka 2003, Mgogo aliyeweza kupanda kutoka besi ya kifuani hadi sauti nyembamba ya juu kabisa. Mtu wa koo kama lile akisimama mbele ya SM58, geini haifiki hata nusu, na saundikadi ya bei ya chini inamtosha. Ukoo wake bado unarekodi; albamu ya The Zawose Queens, Maisha, ilitoka 2024 chini ya lebo ya Real World. Lakini kijana wa Bongo Fleva anayenong'ona mapenzi karibu na mto wa kitanda hana nguvu hiyo. Kwake priampu tulivu ni jambo la kwanza, au kondensa. Nasikitika nikiona kijana wa kunong'ona kanunua maiki ya jukwaani na saundikadi hafifu, kisha anajilaumu kwamba hana sauti.

Wapo wanaosema kondensa inanasa kila kitu, hadi jogoo wa jirani. Fundi hakubali. Kinachomwingiza jogoo, anasema, ni umbali. Mwimbaji akirudi nyuma kutoka shibiri moja hadi mbili, sauti yake kwenye maiki hupungua nusu, jogoo yeye habadiliki. Kwa hiyo alimpa mama shibiri moja, akampimia kwa mkono wake mwenyewe. Akisogea karibu zaidi besi huvimba. Wengine huipenda, lakini mama huyu anaimba taarabu na maneno yake yalikuwa yanazama.

Kwa sauti yake laini walichagua kondensa, na kondensa pwani inataka malezi. Utando wake ni mwembamba mno na hukaa na chaji. Unyevu wa bahari na chumvi vikiuingia, chaji huvuja na maiki huanza kutatarika. Ya fundi hulala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Huvikusanya kwa majirani wote.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake iingie kwenye sahani ya santuri. Nilimkumbuka nilipomtazama mama akivua viatu mlangoni ili visigonge sakafu.

Fundi alizima feni, akachomoa chaja ya kompyuta ili mngurumo wa umeme ukatike. Mama akavuta pumzi. Tone likagonga bati, likafuata la pili, na baada ya hapo hakuna aliyesikia kitu. Fundi akavua hedifoni bila kununa, akaitoa maiki kwenye stendi, akairudisha ndani ya kopo na kubana mfuniko.

"Tunywe chai, mama," alisema. "Mvua ikikatika tunaanza na paa tena."