Bomu Lililoikosa Mwanza: Jinsi ya Kuipima Filamu ya Ndege za Mabomu

Ukisimama ufukweni Butimba, Mwanza, asubuhi mapema, kabla upepo haujalichafua ziwa, unakiona kisiwa cha Saanane upande wa kaskazini, kidogo, mawe juu ya mawe, kimejibanza karibu na Capri Point. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi pale kabla kisiwa hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. Leo ni hifadhi ya taifa, na watoto wa shule hupelekwa kuangalia swala na pimbi. Siku za mwisho za Machi 1979, vita vya Kagera vikielekea ukingoni, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin wa Uganda, ilikuja kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikayakosa. Mabomu yaliangukia Saanane, yakaua swala kadhaa na kumjeruhi mfanyakazi mmoja.

Kila ninapoletewa filamu ya ndege za mabomu, hasa iliyotengenezwa kwa pesa za kuungaunga, naipima kwa kisiwa hicho. Swali langu la kwanza ni hili: je, humu ndani bomu linaweza kukosa?

Nimeziangalia muvi za vita tangu enzi za kanda za VHS, tukibanana kwenye mabenchi ya kibanda umiza, Lufufu, yule msimulizi wa muvi, akitutafsiria. Rubani akibonyeza kitufe, ghala la adui lilikuwa linalipuka palepale, na kibanda kizima kinapiga kelele, kwa sababu steringi hakosi. Furaha ile naiheshimu mpaka leo. Lakini mtu aliyewahi kufikiria kidogo habari za Saanane hawezi tena kuiamini picha hiyo. Na si Walibya peke yao. Novemba 1978 ndege za Amin zilijaribu kuliangusha daraja la Kyaka, zikashindwa. Daraja likaja kuvunjwa kwa baruti zilizotegwa na watu waliosimama juu yake.

Waingereza wana mfano wa kufundishia zaidi. Mwaka 1941 Harry Watt aliongoza filamu iitwayo Target for Tonight, ambamo wanajeshi wa anga halisi waliigiza kazi yao wenyewe. Rubani wake, Percy Pickard, aliuawa vitani mwaka 1944. Kwa mavazi, mazungumzo na namna wanavyosubiri, sidhani kama kuna filamu ya gharama ndogo iliyoipita. Wale vijana wanakunja ramani kama watu waliokwisha kuikunja mara mia. Lakini mwishoni matangi ya mafuta yanapigwa barabara, na hapo ndipo filamu inapodanganya. Agosti 1941 serikali ya Uingereza ilipokea ripoti ya Butt, iliyochunguza picha zilizopigwa na ndege zenyewe usiku wa mashambulizi. Kati ya ndege zilizodai kushambulia shabaha, ni moja tu kwa kila tatu iliyofika ndani ya maili 5, yaani kilomita 8 hivi. Kwa kipimo hicho, bomu la Saanane lingeandikwa kuwa limefika.

Ukitaka kujua kama mtengenezaji anaelewa kwa nini mabomu hukosa, fanya hesabu ndogo kabla ya kukaa kwenye kiti. Bomu lililoachiwa kutoka mita 6,000 huchukua zaidi ya nusu dakika kufika chini. Muda huo wote halianguki wima kama embe. Linaendelea kwenda mbele kwa mwendo wa ndege iliyolibeba. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa humeza mita 250 kila sekunde. Kwa hiyo mlengaji huachia bomu akiwa bado kilomita kadhaa kabla ya shabaha, na anayemwonyesha akichungulia chini, akaona paa la ghala, ndipo akabonyeza, hajui anachokiigiza. Sasa chukua umbali wa kutoka katikati ya mji wetu hadi Saanane, kama kilomita 2, ugawanye kwa mwendo huo. Ni sekunde 8. Ni muda wa mtu kufuta jasho na kuvaa tena glavu.

Katika sekunde hizo 8 filamu maskini inaweza kuipita filamu tajiri, maana hazihitaji ndege. Zinahitaji mkono, saa, kalamu, na mwigizaji anayejua mkono wake unafanya nini. Mwaka fulani vijana wa hapa jirani walinionyesha filamu yao fupi ya dakika 12. Chumba cha rubani walikiunda kwa mbao, mabati na dashibodi ya Hiace iliyokufa. Bawa la nje lilikuwa la kompyuta na lilionekana hivyo. Lakini kuna mahali mwelekezi wa ndege anapiga mstari kwenye ramani, ndege inalala upande wa kushoto, na penseli inaanza kubingirika taratibu mezani. Anaidaka bila kuiangalia. Nilirudisha nyuma mara tatu. Aliyebuni penseli ile alikuwa ameelewa kwamba ndani ya ndege meza nayo iko angani.

Basi angalia mikono, kisha angalia mahali watu walipokaa. Tu-22 ilikuwa na watu watatu tu: rubani, mwelekezi, na mshughulikiaji wa mitambo na silaha za kujilinda, kila mmoja mahali pake, na rubani akiwa peke yake. Hawakukaa ubavu kwa ubavu kama abiria wa mbele wa daladala, na walijuana kwa sauti za masikioni. Viti vyao vya kujiokolea vilirushwa kuelekea chini, hivyo ndege ikipata hitilafu karibu na ardhi kiti hicho hakimwokoi mtu. Mwandishi anayelijua hilo hahitaji kumpa rubani hotuba ya kuogopa. Kupaa na kutua kunatosha. Na kwa mtu asiye na pesa, ndege hii ni neema: vijichumba vitatu vyembamba, taa hafifu, sauti tatu. Badala yake naona watu wanajenga ukumbi wenye viti vya kuzunguka, wakitumia mara tatu ya gharama ili kukosea.

Barakoa ya oksijeni ni mtihani mwingine, na filamu kubwa hufeli pia. Katika ndege za mabomu za vita vya pili vya dunia, kama Lancaster yenye watu 7 au B-17 yenye watu 10, hewa ya ndani ilikuwa ileile ya nje. Kule juu baridi ilishuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi, na asiyevuta oksijeni alizimia bila kujijua. Barakoa ilibaki usoni kwa saa nyingi. Mwongozaji huivua kwa sababu steringi anataka sura yake ionekane. Mimi humpa alama mwigizaji anayeiacha usoni na kuigiza kwa macho. Kadhalika ngurumo: injini nne haziruhusu watu wawili kunong'onezana. Wakizungumza bila waya na bila kupayuka, sikio langu hutoka nje ya filamu na halirudi.

Kuhusu lugha, watu wa nje hukosea bila hata kujua kwamba wamekosea. The Rise and Fall of Idi Amin, iliyotengenezwa Kenya na Sharad Patel mwaka 1981, inazungumza Kiingereza, na biashara ilidai hivyo. Jeshi la Uganda lilizungumza Kiswahili. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini tangu enzi za KAR, jeshi la wakoloni wa Kiingereza, na Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kwa hiyo katika filamu ya Kagera, askari wa Mwanza akinasa redio ya adui anapaswa kuelewa kila neno na bado ajue kwamba si wa kwao, kwa lafudhi na kwa namna ya kuamrisha. Hofu hiyo, ya kuelewana na anayekuja kukuua, haijawahi kuigizwa nikaridhika. Walibya wa Tu-22 wao wazungumze Kiarabu, na maandishi yawekwe chini. Adui wa kutoka Tripoli anayejibu kwa Kiswahili cha kuvunjavunja anaifanya vita yote iwe mchezo wa shule.

Yapo makosa ambayo sioni sababu ya kumhukumia mtu: kitambulisho cha bega kilichokaa vibaya, viatu vya miaka ya karibuni, bawa la kompyuta. Mtengenezaji asizichanganye tu ndege za kiti kimoja na zile zenye wahudumu kadhaa. MiG-21 zilizopigana upande wa Amin ni za mtu mmoja, hakuna wa kuzungumza naye humo. Kwa mavazi, magari na nyuso za wakati ule, aitafute Vita vya Kagera, filamu ya kumbukumbu ya rangi ya mwaka 1980 iliyotengenezwa na Shirika la Filamu Tanzania pamoja na Taasisi ya Audio Visual. Na Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyetoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, helikopta yake ya kompyuta ikiiteketeza Kampala, asipimwe kwa rula hii kabisa. Hakuahidi usahihi. Silaha zake za vyuma chakavu zina ukweli wa aina yake, ule wa watu kufurahia kutengeneza kitu, na nampenda kwa hilo.

Nimeacha sauti ya mlipuko mwisho kwa sababu ndiyo ninayoijali kuliko yote. Filamu karibu zote hulipua bomu kwa moto mwekundu wa petroli, na mlio unafika papo kwa papo na mwanga. Bomu likianguka kwenye mawe kama ya Saanane hutoa mmweko mfupi, kisha vumbi la kijivu na vipande vya mwamba. Moto mkubwa huja tu likipata mafuta. Na sauti hutumia karibu sekunde 3 kwa kila kilomita. Aliyekuwa Butimba siku ile akitazama ziwani aliuona moshi kwanza, akabaki na kimya kirefu kabla ya kishindo.

Wale vijana wa penseli niliwaambia jambo hilo, maana mlipuko wao ulikuwa umekosewa. Sikuwapa fomula. Niliwapeleka ufukweni alfajiri, ng'ambo ya kighuba ambako fundi hugongelea misumari kwenye boti, wakaweka kinasa sauti juu ya jiwe na kamera kando yake. Tulipoangalia ile picha baadaye, nyundo ilikuwa inashuka bila mlio wowote. Fundi anaiinua tena. Ikiwa imefika juu kabisa, mkono umenyooka, ndipo "ko" inapofika. Mmoja wao akaanza kuhesabu kwa vidole, akitazama Saanane.