Mwanga wa Kutegemewa

Ukiingia dukani kutafuta flashi ya kamera, namba ya kwanza utakayotajiwa ni ya nguvu. Sitini, utaambiwa, na boksi limeandikwa hivyo. Namba hiyo si uongo: ni umbali kwa mita ukizidishwa na namba ya tundu la lenzi, kamera ikiwa kwenye unyeti wa ISO 100. Gawanya 60 kwa 4, yaani f/4, unapata mita 15. Lakini kipimo hicho huchukuliwa kichwa cha flashi kikiwa kimeubana mwanga kwa ajili ya lenzi ndefu, mara nyingi ya milimita 200, na hakuna anayepiga picha ya meza ya wazee harusini kwa lenzi hiyo. Kifungue kichwa kiendane na lenzi ya milimita 35, namba itashuka sana, pengine ikaribie nusu. Isitoshe, kamera za leo zisizo na kioo ndani zinavumilia ISO 1600 bila picha kuchafuka, na kupanda kutoka 100 hadi 1600 kunaufikisha mwanga uleule mara nne ya umbali. Kwa hiyo nguvu ni sifa ninayoiweka mwisho. Ninachotafuta mimi ni kwamba mpigo wa mia tano uwe sawa na wa kwanza.

Nasema hivi nikiwafikiria wapiga picha wa kumbi za harusi, watu ambao ufundi wao hausifiwi inavyostahili. Ukumbi wa Dar es Salaam usiku ni mahali pagumu kwa kamera. Taa za jukwaa zimewekwa kwa ajili ya macho ya wageni. Zinageuka zambarau, bluu, kijani, na uso wa bibi harusi unageuka nazo. Gauni jeupe liko ubavuni mwa suti nyeusi. MC anawaita maharusi, muziki unapandishwa, nao wanaingia wakicheza, wasimamizi wakiwa pembeni na vigelegele vikitoka kila meza. Hakuna wa kuwaambia warudi nje waingie upya. Keki inalishwa, shampeni inafunguliwa, mama anainuka kumkumbatia binti yake, na kila jambo lina sekunde zake. Mpiga picha hodari amefika mapema, na kitu cha kwanza alichokitazama ni dari.

Flashi ikimulika uso moja kwa moja, ngozi nyeusi yenye jasho la kucheza hupata madoa meupe kwenye paji na pua, na kivuli kikali hujibandika ukutani. Mwenye ujuzi hukigeuza kichwa cha flashi juu, kikaelekea nyuma kidogo, mwanga ukadunda kwenye dari nyeupe na kushuka umetawanyika. Ngozi ileile sasa inang'aa kwa upana, na shavu linaonekana mviringo wake. Flashi ambayo kichwa chake hakizunguki siichukui, hata iwe ya bei gani. Dari nayo ikiwa imefunikwa vitambaa vya zambarau, mwanga utarudi na rangi hiyo. Itabidi utafutwe ukuta mweupe, au flashi ya pili isimamishwe pembeni juu ya stendi na kuwashwa kwa triga ya redio. Uamuzi huo wote hufanyika wakati MC bado anajaribu maiki.

Sitaki kusema kwamba kumulika usoni ni dhambi. Malick Sidibé wa Bamako, aliyezunguka kwenye dansi za vijana wa Mali miaka ya 1960 akiwa na kamera nyepesi na flashi, kisha akazibandika picha studioni kwake ili wenyewe waje kuagiza, alifanya hivyo na akatuachia kazi zisizochuja. Picha yake ya mkesha wa Krismasi wa 1963, kijana aliyevaa suti na msichana aliye pekupeku wakicheza vichwa vikikaribia kugusana, ingekuwa giza tupu bila flashi. Mwaka 2007 maonyesho ya Venice yalimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake, na alikuwa mpiga picha wa kwanza kuipata heshima hiyo. Alikuwa, kwa maneno yetu, mpiga picha wa shughuli. Namtaja kila ninaposikia kazi hii ikidharauliwa.

Tuje ndani ya chombo chenyewe. Betri hailishi taa moja kwa moja. Hujaza kwanza kapasita kwa umeme wa volti 300 hivi, nayo kapasita huumwaga kwenye mrija wa gesi ya zenoni kwa mpigo mmoja. Fikiria mtungi chini ya bomba: ukichota kabla haujajaa, unapata kilichomo. Betri zikichoka mtungi unachelewa, na picha ya tatu katika mfululizo inatoka na giza. Betri za AA za kutupa huchoka upesi kwa kazi hii. Zile za kuchaji za NiMH zinazishinda, ingawa zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, kwa kuwa zinaweza kutoa umeme mwingi kwa haraka. Lithiamu inazipita zote. Kwa kulinganisha tu, watengenezaji wa flashi ya Godox V1 wanaahidi mipigo 480 ya nguvu kamili kwa chaji moja, na sekunde 1.5 kati ya mpigo na mpigo. Uliza takwimu hizi mbili kabla ya kuuliza nguvu.

Kuna joto pia. Mipigo mingi ya nguvu kamili huunguza kichwa cha flashi, na chombo chenye akili kitajilinda kwa kupunguza kasi. Ndiyo sababu fundi hupiga kwa robo au thumni ya nguvu, akaiacha ISO ijaze pengo. Flashi yake iko tayari kila anapobonyeza, na inadumu zaidi.

Kamera isiyo na kioo ina masharti yake. Flashi lazima iwe imetengenezwa kwa lugha ya kamera yako. Iliyotengenezwa kwa kamera za kampuni nyingine huenda ikawaka, lakini haitapokea maelekezo. Ya zamani sana iogope, kwa sababu baadhi zilipitisha zaidi ya volti 200 kwenye mguu unaochomekwa kamerani, umeme unaoweza kuua kamera ya leo. Miale myekundu iliyozisaidia kamera za kioo kufokasi gizani, nyingi za hizi mpya haziitumii. Na kwa kawaida kamera itakubali flashi hadi kasi ya 1/200 au 1/250. Ukizidisha bila kuwasha mfumo wa kasi ya juu, utapata ufito mweusi kwenye picha. Sony a9 III ya mwaka 2023 imeuondoa mpaka huo kwa kihisi kinachosoma picha yote mara moja, ila bei yake iko mbali na wengi wetu.

Kuhusu TTL, ambapo kamera hutupa mwanga mdogo wa majaribio, ikasoma unaorudi na kukadiria, naipenda wakati maharusi wanatembea na umbali unabadilika. Wakishakaa jukwaani naiacha. Gauni jeupe huifanya kamera idhani mwanga umezidi, picha ikafifia. Kundi la suti nyeusi huifanya ipaushe nyuso. Nikipanga nguvu kwa mkono, jukwaa zima linatoka na mwanga mmoja, na mhariri wa albamu atakushukuru.

Ukienda kununua, nenda na kamera yako. Weka flashi kwenye M, yaani kwa mkono, nguvu robo, elekeza ukuta mmoja, piga mfululizo wa haraka, kisha zipitie picha moja moja. Kukiwa na moja iliyofifia katikati, irudishe kwenye boksi. Utikise mguu wake kidogo pale unapochomekwa; haupaswi kulegea. Na kama fedha inatosha flashi moja ya kampuni ya kamera au mbili za kampuni nyingine zilizotengenezwa kwa kamera hiyo na zikashinda jaribio hili, mimi nachukua mbili za aina moja. Betri zinabadilishana, vitufe vyake mkono unavijua gizani, na moja ikizima keki inapokatwa, ya pili iko begini na chaji yake kamili.